Adhabu Isiyo ya Haki na Urafiki Unaozaliwa Nje ya Darasa

Hotuba kwa familia zilizohama na viongozi, Kinkondja



Leo nasema juu ya vijana wetu wa sekondari, wale wa miaka 13 hadi 18. Nasema juu ya adhabu wanayopewa bila kosa, na juu ya urafiki unaozaliwa katika adhabu hiyo.

Sote tunaijua siku ya kufukuza wasiolipa. Prefe anaingia na orodha. Anayetajwa jina anachukua daftari lake na kutoka. Tuwaze vijana wanne. Wa kwanza ni mtoto wa mvuvi wa hapa ziwa Kisale, ambaye nyavu za baba yake zimerudi tupu. Wa pili ni binti wa familia iliyohama. Wa tatu ni yatima anayelelewa na bibi yake. Wa nne, watu husema baba yake alikuwa Mai-Mai. Darasani hawakai benchi moja. Nyumbani wazazi wao hawasalimiani. Lakini chini ya mwembe, nje ya shule, wote ni sawa: wameadhibiwa kwa deni ambalo si lao.

Hapo wanaanza kuzungumza. Mwenye muhogo anaugawa. Mwenye rafiki darasani anaazima daftari, na wote wananakili. Binti aliyehama anasikia kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wa mwenyeji naye amelala njaa. Mtoto wa mvuvi anasikia jinsi mwenzake alivyokimbia usiku. Sisi wakubwa tumeita mikutano mingi ya upatanisho, na vijana hawa wameanza kupatana bila mkutano.

Lakini tusiishukuru adhabu. Uchungu wa pamoja una njia mbili. Unaweza kuzaa urafiki, na unaweza kuzaa kundi la hasira. Kati ya miaka 2003 na 2006, vita vya Mai-Mai na jeshi viliwatoa watu wengi katika vijiji vya Katanga. Wengine walikimbilia ziwa Upemba, wakaishi juu ya visiwa vya majani vinavyoelea. Na katika vita vile watoto walibeba silaha. Kijana aliyefukuzwa shuleni bila kosa, akakaa nje siku nyingi pasipo mtu wa kumsemea, ni rahisi kuitwa na mwenye bunduki. Njia ipi ataifuata inategemea sana sisi tunaomwona pale chini ya mwembe na kupita.

Kumwadhibu mtoto kwa jambo la mzazi si kitu kipya kwetu. Walio wazee wanakumbuka miaka 1992 na 1993, familia za asili ya Kasai zilipofukuzwa Likasi na Kolwezi, na treni zilizojaa watu zikapita Kamina. Ndani yake walikuwamo wanafunzi. Kosa lao lilikuwa asili ya baba zao tu.

Tena kuna adhabu zinazotengenezwa ili kuvunja urafiki. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi ilivyokuwa shuleni kwake nchini Kenya wakati wa ukoloni. Mwanafunzi aliyesikika akisema lugha ya mama alipewa kifungo cha kubeba, naye alimpitishia mwingine atakayekosa vilevile. Jioni aliyebaki nacho alimtaja aliyempa, na huyo akamtaja wa kabla yake, mpaka wote wakapatikana. Hivyo watoto walifundishwa kuchongeana. Shule ikimwambia mtoto, "Mtaje mwenzako ndipo usamehewe," inapanda mbegu ile ile.

Ndugu zangu, sheria iko upande wa vijana hawa. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungo cha 17, inasema hakuna mtu atakayeshtakiwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Maneno hayo ni ya mahakama, lakini hekima yake inafaa shuleni pia. Kifungo cha 43 kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza jambo hilo. Sekondari haikuingia humo, ndiyo maana mzigo umewaangukia vijana wetu. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inadai nidhamu ya shule iheshimu utu wake.

Naomba basi mambo manne.

Kwanza, habari ya deni ipelekwe kwa mzazi, si kwa mtoto mbele ya wenzake. Najua walimu wengi wanaishi kwa fedha hizo, nao wana watoto. Kwa hiyo kamati ya wazazi ikubaliane na shule juu ya kulipa kidogo kidogo, hata kwa samaki au mahindi pale inapowezekana.

Pili, kabla ya fimbo au kufukuzwa, kijana asikilizwe. Darasa zima lisiadhibiwe kwa kosa la mmoja.

Tatu, mwalimu akijua kwamba amemwadhibu asiye na kosa, amsafishe mbele ya wale wale walioona. Mwalimu hapungui heshima kwa hilo.

Nne, wazazi msiwakataze watoto wenu marafiki hao. Binti wa kambini akija nyumbani kwako pamoja na mwanao, mpe kiti, umuulize habari za mama yake.

Wahenga walisema: samaki mkunje angali mbichi. Hapa Kinkondja tunajua pia kwamba anayemkunja kwa nguvu humvunja.

Orodha nyingine ya wasiolipa itasomwa karibuni. Maprefe, kamati za wazazi na viongozi wa waliohama mpo wote hapa. Msitoke kabla hamjapanga siku ya kukaa pamoja.