Dodoso la Kauli Kumi: Kipimo cha Urahisi wa Mifumo ya Huduma



Leseni ya biashara sasa huombwa mtandaoni, kupitia mfumo wa TAUSI. Mfanyabiashara wa Bariadi anayekwama katikati ya hatua humlipa kijana wa steshenari amjazie fomu, na pengine humwachia hata nywila yake. Gharama hiyo haionekani katika stakabadhi yoyote. Ofisini hufika neno moja tu: "Mfumo unasumbua." Huenda ni kweli, lakini unasumbua kwa kiasi gani?

Kipimo kipo. Mwaka 1986 John Brooke, akiwa katika kampuni ya Digital Equipment nchini Uingereza, alitunga dodoso la kauli kumi. Mtumiaji akishamaliza kazi yake kwenye mfumo, huchagua kwa kila kauli namba kuanzia 1, yaani hakubaliani kabisa, hadi 5, yaani anakubaliana kabisa. Kauli za namba witiri husifu mfumo. Za namba shufwa huukosoa. Kwenye sifa hupunguzwa 1. Kwenye lawama jibu hutolewa katika 5. Jumla huzidishwa kwa 2.5. Alama huwa kati ya 0 na 100.

Mchanganyiko huo wa sifa na lawama una faida kubwa pale ambapo heshima humfanya mtu aitikie kila anachoulizwa na ofisa. Anayeweka 5 kote kwa adabu tu hupata 50, na karatasi yake hujulikana mara moja.

Alama hizo si asilimia. Wastani wa mifumo mingi iliyokwisha kupimwa duniani ni takriban 68. Kwa hiyo 60, ambayo shuleni ingefurahisha, hapa ni chini ya wastani.

Lugha nayo ina uzito. Mwaka 2006 mtafiti Kraig Finstad alionyesha kwamba neno moja la Kiingereza katika kauli ya nane liliwatatiza wasiozaliwa na lugha hiyo. Kwa mzee aliyekulia katika Kisukuma, Kiswahili cha ofisini kina miiba ya namna hiyo. Badala ya "mfumo ni changamani," asomewe "mfumo una mambo mengi yanayochanganya," tena na mtu ambaye hakumhudumia.

Dodoso halionyeshi kosa liko wapi. Hilo huulizwa kando. Na lisijazwe na kijana wa steshenari, ambaye kwake mfumo umekwisha kuwa mwepesi. Aulizwe mwenye duka, hasa yule aliyekata tamaa kabla ya kufika ukurasa wa malipo.