Kushika mdomo wa mpira wa kuzima moto

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Moding)

Tumeombwa tuzungumze juu ya mpira wa kuzima moto, kwa sababu vikundi viwili vitatu vinafikiria kuchanga pesa vinunue pampu na mpira wake. Fikira hiyo ni njema. Kiangazi cha Januari nyumba ya nyasi huwaka ikaisha kabla gari la zimamoto halijafika. Lakini tuseme wazi: mpira usiofanyiwa mazoezi ni pesa ya harambee iliyotupwa, na tena unaweza kuumiza mtu.

Tuanze na nguvu yake. Mpira wa inchi moja na nusu, ukisukumwa na pampu ya zimamoto, hutoa lita kama 360 kwa dakika moja. Hesabuni: hiyo ni mitungi 18 ya lita 20. Maji yakienda mbele kwa kasi hiyo, mdomo wa mpira nao hurudi nyuma, ukamsukuma aliyeushika kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 20 na zaidi. Pampu zetu ndogo za kumwagilia mboga hazifikii hapo, ila mazoea ni yale yale. Na tangi la lita 5,000 kwa mwendo huo halimalizi robo saa. Kwa hiyo tusipigane na moshi. Maji yaende kwenye kitu kinachowaka, chini kwenye shina la moto.

Mpira hushikwa na watu wawili. Wa mbele anashika mdomo, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, mpira umebanwa ubavuni. Wa pili anasimama nyuma yake upande ule ule, anausukuma mpira mbele ili mwenzake asichoke. Kabla ya hapo nyosheni mpira wote, usiwe na kona wala fundo, ndipo aliye mbele apige kelele, “Leta maji!” Asipoitisha yeye, mtu wa pampu asifungue.

Katika midomo mingi, mkono ukisukumwa mbele hufunga, ukivutwa kwako hufungua. Fungua polepole, na kufunga pia polepole. Hapa ndipo vijana hukosea, maana wanapenda kufunga kwa kishindo. Maji yaliyokuwa yakikimbia yakisimamishwa ghafla hupiga kama nyundo ndani ya mpira, yakaupasua au kung'oa kiungo. Na mdomo ukikuponyoka maji yakiwa wazi, usiukimbilie kuudaka! Kile ni chuma kinachoruka ruka, kitakuvunja meno. Lala chini au ondoka, mtu wa pampu afunge.

Mdomo mzuri huzungushwa ukatoa maji ya namna mbili. Ya kunyooka hufika mbali na hupenya ndani. Ya kutawanyika kama manyunyu hayafiki mbali, lakini hupoza joto na kumkinga aliyeshika. Jaribuni kwanza pembeni, mjue upande upi unatoa yapi. Sasa paa la nyasi: ukilipiga kwa maji ya kunyooka kutoka karibu, unarusha nyasi zenye moto hadi kwa jirani. Tumia ya kutawanyika. Na kama nyumba yenyewe imeshika yote na watu wametoka, maoni yetu ni muiache, mlowanishe paa la jirani aliye upande upepo unakoelekea. Mwenye nyumba atanung'unika, naam, lakini boma zima litabaki.

Simama upepo ukitoka mgongoni kwako. Penye nyaya za umeme usipige maji kabla umeme haujakatwa, kwa sababu maji huleta umeme hadi mkononi.

Halafu mafuta. Petroli huelea juu ya maji, kwa hiyo ukiimwagia maji unautembeza moto tu. Kuizima kunahitaji povu la zimamoto. Mafuta ya kukaangia mandazi yakiwaka, maji huyarusha hadi darini. Funika sufuria, ondoa moto chini yake.

Tunalisema hili kwa sababu malori ya mafuta hupanga foleni Malaba kila siku. Mnakumbuka Malanga, kule Siaya, kwenye barabara hii hii ya Kisumu kuja Busia. Julai 2021 lori la petroli lilianguka, watu wakaja na mitungi kuchota, moto ukalipuka, wakafa 13. Sachangwan karibu na Molo, Januari 2009, walikufa zaidi ya 100. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa mtaroni hadi upate jiko au sigara mbali kabisa. Lori likianguka, mpira wenu ubaki stoo. Kazi ya kikundi siku hiyo ni kuwaondoa watoto na majirani, kwenda upande upepo unakotoka, kuzima majiko njiani na kupiga 999 au 112.

Mkishanunua, fanyeni mazoezi mara moja kwa mwezi, na akina mama washike mdomo pia, maana mchana wao ndio huwa nyumbani. Baadaye mpira umwagwe maji, ukaushwe kivulini, ukunjwe. Ufunguo wa stoo ukae kwa mtu asiyesafiri, na wa pili kwa jirani yake.