Mikaya Mbele ya Mfalme, na Swali la Watu wa Mtwara



Tumetakiwa tuseme machache juu ya neno la kweli mbele ya mtawala. Tuliosoma vyuoni twajua jinsi Nabii Musa alivyosimama mbele ya Firauni. Leo twapenda kumtaja mtu mwingine wa Bani Israili, asiyekuwa na fimbo wala miujiza, ambaye habari zake zimo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Jina lake Mikaya bin Imla.

Mfalme Ahabu alitamani kuutwaa mji wa Ramoth-Gileadi kutoka kwa Washami, akamtaka Yehoshafati, mfalme wa Yuda, wafuatane vitani. Wakaletwa manabii wapatao 400, nao kwa kauli moja wakamwambia mfalme aende, ushindi ni wake. Mmoja wao, Sedekia, alifika hata kujitengenezea pembe za chuma ili aonyeshe jinsi adui atakavyopigwa. (Watu wa namna hii hawakosekani penye baraza la mkubwa; pembe tu ndizo zinazobadilika.) Yehoshafati, kwa kuwa ni mgeni, akauliza kama hakuna mwingine wa kuulizwa. Ahabu akakiri kuwa yupo mmoja, ila yeye humchukia, kwani hamtabirii heri.

Tarishi aliyekwenda kumwita Mikaya alimnasihi: wenzako wote wamenena mema, nawe nena kama wao. Nasaha hiyo, ndugu zetu, kila mmoja wetu amepata kuisikia, na mara nyingi hutoka kwa mtu atupendaye. Mikaya alipofika aliyasema kwanza yale yale ya wenziwe, lakini kwa namna ambayo mfalme mwenyewe alitambua kuwa si kweli, akamwapisha aseme haki tupu. Ndipo aliposema kuwa amewaona Israili wametawanyika milimani, kama kondoo wasio na mchungaji. Sedekia akampiga kofi. Mfalme akaamuru atiwe gerezani kwa mkate na maji, mpaka yeye atakaporudi salama.

Twayakumbusha haya kwa sababu ya jambo lililotokea kusini yetu, katika pwani ya Mtwara mpaka mlango wa mto Ruvuma. Huko, kwenye Ghuba ya Mnazi karibu na Msimbati, gesi iligunduliwa mwaka 1982. Serikali ilipoazimia kuipeleka Dar es Salaam kwa bomba la kilomita zaidi ya 500, wenyeji waliuliza: na sisi tutabakiwa na nini? Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu yao waliandamana mjini Mtwara, wakisema gesi haitoki.

Swali hilo halikuzuka hewani. Mwaka 1947 Waingereza waliwaletea watu wa kusini neema ya karanga. Wataalamu walikuwa wameizunguka nchi kwa wiki tisa tu, wakarudi na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu, na mawaziri wa London wakaisikia kama Ahabu alivyomsikia Sedekia. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, nao umekwisha kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Mtwara ilibaki na bandari yake. Reli ya Nachingwea ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Mtu ambaye babake aliona reli ikija na ikiondoka, ana haki ya kuuliza habari za bomba.

Serikali ilijibu kuwa mali ya ardhini ni ya taifa zima, wala si ya mkoa mmoja, na neno hilo halikuwa uongo. Lakini halikuwa jawabu la swali. Waulizaji wakaitwa wachochezi. Januari 2013 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda Mtwara, akakaa na watu na kuwasikiliza, na hasira zikapoa. Yafaa akumbukwe kwa hilo. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma na ikadhihirika kuwa bomba litajengwa, ghasia zikalipuka, nyumba zikachomwa, jeshi likaingia mjini, na watu wakapoteza roho zao.

Na hapa hatuna budi kusema lisilotupendeza sisi wenyewe tulio upande wa waulizaji: Mikaya hakuchoma nyumba ya mtu. Siku moto ulipowashwa, swali la haki lilizimika ndani ya moshi, na asiyetaka kulijibu akapata udhuru. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Tumrudie Ahabu. Alipokwenda vitani alivua mavazi ya kifalme, akajibadilisha. Basi moyoni alikuwa amemsadiki yule aliyemfunga! Aliwaamini manabii 400 mbele ya watu, na akamwamini mmoja alipokuwa akivaa nguo peke yake. Askari mmoja akaufyatua upinde kwa kubahatisha, mshale ukapenya katika maungio ya dirii, na jioni mfalme akafa.

Kitabu chatueleza hata mahali lilipooshwa gari lake, penye birika la Samaria. Hakitwambii ni nani aliyekwenda kumfungulia Mikaya.