Namna ya kupunguza feza ya dawa ya tansio bila kuacha dawa

Maneno haya tuliyasema mbele ya memba katika mkutano wetu wa mwezi, hapa Baraka. Tunayatia katika gazeti letu juu ya wale ambao hawakufika, na juu ya wafadhili wetu ambao wanapenda kujua tunahangaika na nini.



Mlituomba tuseme juu ya tansio, na zaidi juu ya feza yake. Sisi si waganga. Sisi ni watu wa kutembea vijijini, kuingia nyumba kwa nyumba, kuuliza na kuandika. Haya tutakayosema tumeyasikia kwenu, halafu tumeyapeleka kwa infimie wa kituo cha afya ili atukosoe pale tulipokosea.

Tuanze mahali wengi wetu tulitoka. Kule Nyarugusu na kule Lugufu, mgonjwa wa tansio alikuwa na kadi yake. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, lakini dawa hatukulipa. Halafu mwaka 2005 boti zikaanza kuleta watu kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Tulirudi na turubai, sufuria na blanketi. Tulirudi pia na ugonjwa ule ule. Lakini dirisha la dawa ya bure lilibaki ng'ambo ya ziwa.

Sasa tukiingia katika nyumba zenu na kuuliza juu ya dawa, jibu tunalolisikia sana ni hili: «Nilimeza mpaka kichwa kikaacha kuuma, basi nikaacha.» Mwingine anasema: «Leo siko na feza, nitameza mwezi ujao.» Hatuwacheki. Mtu ambaye hajauza muhogo wake atatoa wapi feza ya farmasi?

Lakini tusikilizane. Kuna mama mmoja, memba wetu, muuzaji wa ndagaa. Watoto wake wamekubali tuseme habari yake bila jina. Alikuwa ananunua vidonge vitatu siku anapojisikia vibaya, akipona anaacha. Aliona anaokoa feza. Asubuhi moja mkono wa kulia ukakataa, na mdomo ukaenda upande. Familia iliuza mbuzi, halafu ikaweka shamba rehani, na binti mkubwa akaacha masomo ili amwoshe mama yake. Ile feza aliyoiokoa kwa miaka miwili haikutosha hata wiki ya kwanza ya hospitali.

Ndiyo maana tunasema: kuacha dawa si kuokoa feza. Ni kukopa, na mwenye deni atakuja siku usiyoijua.

Tansio mara nyingi haiumi. Mtu anaweza kuwa na 170 juu ya 100 na akalima mpaka saa sita. Waganga wanahesabu kwamba kuanzia 140 juu ya 90, ikirudi hivyo siku mbalimbali, hiyo ni tansio ya juu. Na dawa haiiponyeshi kama malaria inavyopona. Wavuvi wataelewa: ni kama mtumbwi unaovuja. Ukichota maji, mtumbwi unaelea. Ukiona pakavu ukaacha kuchota, maji yanarudi.

Basi, kama dawa haiachwi, tupunguze feza wapi? Tumeona mahali sita.

Mahali pa kwanza ni jina. Kila dawa iko na majina mawili: jina la dawa yenyewe, na jina ambalo kiwanda kimeipa. Amlodipini ni jina la dawa. Amlor na Norvasc ni majina ya kiwanda, lakini ndani ni amlodipini ile ile. Ile inayouzwa kwa jina la dawa yenyewe mara nyingi ina bei ndogo sana, na inafanya kazi ile ile. Kwa hiyo ukipewa ordonansi, uliza kwa heshima: «Muganga, jina la dawa yenyewe ni lipi? Iko ya bei nafuu?» Dawa kama amlodipini, enalaprili, losartani na hidroklorotiazidi ziko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Si dawa za maskini. Ni dawa za watu wote.

Kujua jina kunaokoa maisha pia. Tulikuta mzee mmoja anameza Amlor aliyoletewa kutoka Ubelgiji, na Norvasc aliyotumiwa na mtoto wake aliyehamishiwa Marekani. Yeye alifikiri ni dawa mbili. Kumbe alikuwa anameza ile ile mara mbili, miguu imevimba na kizunguzungu hakimwachi.

Mahali pa pili ni kununua vidonge viwili, vitatu. Anayenunua hivyo analipa zaidi kwa kila kidonge. Tena anapewa kipande kilichokatwa, hakina tarehe ya mwisho wala jina. Nunua ya mwezi mzima, katika karatasi yake, na usome tarehe kabla ya kutoa feza.

Mahali pa tatu ni vitu vinavyoongezwa. Mtu anatoka na ordonansi ya dawa tano: moja ya tansio, nyingine vitamini, nyingine ya usingizi, na serumu juu yake. Uliza: «Kama feza yangu inatosha moja tu, ni ipi nisiikose?» Muganga mzuri hatakasirika. Na hapa wazee mnisikilize, samahani, mtusikilize: diklofenaki na ibuprofeni, zile mnazonunua juu ya magoti na mgongo, zinaweza kupandisha tansio na kupunguza nguvu ya dawa yenu. Mnalipa dawa ya kuteremsha, halafu mnalipa nyingine ya kupandisha. Mwambieni muganga kwamba magoti yanauma, atafute njia nyingine.

Mahali pa nne ni kupima vibaya. Umetembea kilomita sita, umefika na jasho, wanakupima hapo hapo: lazima ipande. Halafu unaongezewa dawa. Omba upumzike dakika tano kwanza, umekaa, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, bila kuongea. Na usikubali kuitwa mgonjwa wa maisha kwa kipimo cha siku moja tu, isipokuwa namba iwe juu sana au uwe na dalili za hatari.

Mahali pa tano ni nusu kidonge. Mara nyingine kidonge cha amlodipini cha miligramu 10 kinauzwa karibu sawa na cha miligramu 5. Kama kina mstari katikati, na muganga amekubali, unakikata na kumeza nusu kila siku. Lakini si kila dawa inakatwa. Nifedipini ile inayoyeyuka polepole, ukiivunja, nguvu yote inatoka mara moja na tansio inaweza kuanguka ghafula. Usikate bila kuuliza.

Mahali pa sita ni sufuria. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kidogo cha chai. Humo imo chumvi ya samaki mkavu na ya vile vikyubu tunavyotia katika sombe. Samaki wa chumvi mloweke, mmwage yale maji, ndipo mpike bila kuongeza chumvi. Hiyo haitagharimu hata franka moja. Haichukui nafasi ya kidonge, lakini inakisaidia kufanya kazi.

Kabla ya kuendelea, maonyo matatu. Mwenye propranololi au atenololi asiache kwa ghafula hata siku feza imekwisha. Aje atuambie mapema. Mama mwenye mimba asimeze enalaprili wala losartani, zinaweza kumdhuru mtoto. Aende kituo wabadilishe. Na hakuna kumwazima jirani kidonge: tansio yake si tansio yako.

Sasa tuseme la chama chetu. Tufanye hesabu ya mfano, si bei ya soko. Kila mmoja aweke bei zake. Tuseme kidonge cha rejareja ni franka 200. Vidonge 30 ni 6.000. Tuseme boksi ya 30 kwa depo kubwa ni 3.500, lakini moto kwenda na kurudi ni 5.000. Ukienda peke yako unatumia 8.500, afadhali ungenunua hapa hapa. Lakini watu 10 wakimtuma mmoja, kila mtu anatoa 500 ya safari. Jumla ni 4.000. Umeokoa 2.000 kwa mwezi, ni 24.000 kwa mwaka, na hakuna siku uliyoruka dawa.

Hicho ndicho tunachoomba mkubali: kasa ndogo ya tansio, kando ya kasa ya matanga na ya mikopo. Kila mwenye tansio analeta fotokopi ya ordonansi yake. Anaweka mchango kila wiki, kidogo kidogo, siku ya soko, wakati feza bado iko mkononi. Watu wawili wanashika daftari, mmoja mwanamke mmoja mwanaume. Anayetumwa depo analeta risiti, na infimie anaangalia dawa kabla hazijagawiwa. Mwezi ambao mtu amekosa kabisa, kasa inamkopesha ile dawa, si feza, na anarudisha akivuna.

Wafadhili wetu, na ndugu zetu walio mbali, tunawashukuru. Lakini tuwaambie ukweli: sanduku la dawa mchanganyiko, zilizobaki miezi miwili kuharibika, na maandishi tusiyoyasoma, linatuongezea kazi na hatari. Tusaidieni na kipimo kizuri cha tansio chenye mkanda wa mkono mdogo na wa mkono mnene, na feza ya kuanzisha kasa ili tununue boksi za kwanza. Baada ya hapo mchango wa memba uizungushe. Tulizoea kupokea bure, na haikuwa vibaya, tulikuwa wakimbizi. Sasa tuko kwetu.

Yule mama wa ndagaa bado yuko hai. Anakaa mlangoni, mkono wa kushoto unachambua maharagwe. Tulipomwambia tutasema habari yake, alituomba tuongeze neno moja. Alisema: «Waambie wasingojee kichwa kiume.»

Mwenye kuandikwa katika daftari abaki, tunaanza leo.