Asahauye Naye Hujifunza Kutembea
(Mada ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za diakonia)

 

Katika taarifa za sharika kadhaa limejitokeza pendekezo kwamba wagonjwa wa kiharusi “wasioelewa” waondolewe kwenye orodha ya kutembelewa nyumbani, ili nauli za wahudumu ziwafae wengine. Inasemekana ukimfundisha leo, kesho amesahau. Mimi sikubaliani na pendekezo hilo.

Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo kutibu kifafa. Tangu hapo hakuweza kutunza kumbukumbu mpya. Mwanasaikolojia Brenda Milner wa Montreal alimpa kazi ya kufuatisha kwa kalamu mistari ya nyota, akiuona mkono wake kwenye kioo tu. (Jaribuni nyumbani, mtacheka wenyewe, mkono unakwenda kinyume.) Alirudia kwa siku 3. Makosa yalipungua siku hadi siku, ingawa hakukumbuka kwamba aliwahi kuifanya kazi hiyo. Kichwa kilisahau, mkono ukashika.

Sisemi akili haihitajiki. Mwanzoni mwa kujifunza, umakini na kumbukumbu hufanya kazi kubwa: shika fimbo kwa mkono wenye nguvu, itangulize, ufuate mguu dhaifu, kisha mguu mzima. Mwenye kumbukumbu hafifu hukwama hapo, nasi tunaandika “ameshindwa”. Kwake maneno yapungue, marudio yaongezeke: agizo moja, kiti kilekile, saa ileile. Mhudumu amwongoze asikosee, kwa kuwa asiyekumbuka kosa lake hulirudia hadi likawa mazoea. Na mtu mmoja wa nyumbani afundishwe pamoja naye, maana ziara moja kwa wiki haitoshi.

Kiharusi si sawa na hali ya Molaison. Wapo walioumia sehemu zile zile za ubongo zinazofunza mwili, na hao hatua zao zitakuwa ndogo. Lakini huwezi kuwatambua kwa kuwauliza, “Unakumbuka tulichofanya juzi?”

Basi naomba jina lolote lisifutwe kabla ya wiki 6 za mazoezi ya namna hii. Mhudumu aandike kila ziara: ameinuka kitini mara ngapi, na kwa msaada kiasi gani. Wahisani, fungu la nauli tulilowaletea ni la ziara hizo.