SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA: KUBANDIKA NEMBO JUU YA RANGI

Ndugu wanafunzi wa Tura na vijiji vya jirani, leo hatutasoma silabi. Leo kusoma kwetu kutasaidia kazi ya mikono: kubandika herufi na nembo juu ya kitu kilichopakwa rangi, na rangi ibaki salama.

Msafiri Mwingereza Richard Burton alipita hapa mwaka 1857, akielekea Unyanyembe, baada ya kuvuka pori la Mgunda Mkali. Aliandika kwamba maana ya jina Tura ni kutua mzigo. Lishikeni neno hilo, kutua. Tutalihitaji.

Sasa sikilizeni kosa langu mwenyewe. Katika darasa moja palikuwa na mzee aliyefanya kazi ya reli tangu ujana wake. Alichonga kichwa cha treni kwa kipande cha mninga, kiwe zawadi ya mjukuu wake. Akakipaka rangi ya damu ya mzee, kama injini za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977. Ubavuni alitaka jina la mjukuu. Aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa neno la pili alilojifunza kuandika, baada ya jina lake. Tukalipeleka mjini, likanakiliwa kwa mashine juu ya karatasi ya nembo.

Niliombwa kulibandika, nami nilikuwa na haraka. Jina likakaa upande. Nikachukua kitambaa chenye tina ili nilifute. Jina likatoka, na rangi ikatoka pamoja nalo, mpaka mti ukaonekana. Mzee alitazama, akasema: "Mwalimu, umemfuta mjukuu wangu." Sikuwa na jibu.

Kosa lilikuwa nini? Tina huyeyusha rangi. Rangi ya mafuta inaweza kukauka juu kwa siku moja, lakini ndani bado ni laini. Haijatua.

Karatasi ya nembo ina tabaka tatu. Chini ni karatasi. Katikati ni gundi inayolainika kwa maji. Juu ni utando mwembamba sana wenye maandishi. Ukiiloweka, gundi hulegea na utando huteleza. Basi kinachobaki juu ya rangi yako ni utando tu, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu.

Kwanza tupime. Reli yetu ya zamani ina upana wa milimita 1000 kati ya chuma na chuma. Mfano ukiwa mdogo mara 20, tunagawa: 1000 kwa 20 ni 50. Upana wa reli ya mfano ni milimita 50. Herufi nazo ni hivyo hivyo. Herufi yenye kimo cha sentimita 40 kwenye behewa la kweli itakuwa sentimita 2 kwenye mfano. Ukiipita hesabu hiyo, treni itaonekana kama imevaa shati la baba yake.

Sasa fuateni hatua hizi moja moja.

1. Acha rangi itue. Rangi ya mafuta iachwe siku kadhaa. Inusie karibu. Ikiwa bado inanuka, haijakauka.

2. Tazama uso wa rangi. Rangi isiyong'aa ina vinundu vidogo tusivyoviona. Hewa hukaa katikati yake, na chini ya nembo utaona ukungu mweupe. Kwa hiyo paka kwanza vanishi inayong'aa, nyembamba, ukaiache ikauke.

3. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya mfano. Vanishi yenye tina kali inaweza kuikunja rangi ya mafuta iliyo chini yake. Ukiona mikunjo, acha. Tumia vanishi ya maji.

4. Kata nembo karibu na maandishi. Iloweke katika maji ya uvuguvugu kwa nusu dakika, kisha iweke juu ya kitambaa mpaka itelezeke yenyewe. Usiivute kwa nguvu. Kama maandishi yalichapwa kwa wino unaoyeyuka majini, yapakwe vanishi kwanza, yaachwe yakauke.

5. Lowesha mahali pa nembo. Telezesha utando kutoka kwenye karatasi yake. Likikaa upande, usishike tina! Ongeza tone la maji, usogeze polepole kwa brashi laini. Likinyooka, kandamiza kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni, maji na hewa vitoke. Povu likibaki, litoboe kwa ncha ya sindano, ukandamize tena.

6. Acha mpaka kesho. Futa mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye maji. Halafu paka vanishi mara mbili au tatu, nyembamba kila mara. Vanishi nzito ya mara moja huweza kuukunja utando.

Neno la hatari. Tina na vanishi hushika moto upesi. Fungua dirisha, weka mbali jiko na sigara. Na kwa kuwa mifano hii huenda mikononi mwa watoto, soma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Rangi nyingine zina madini ya risasi, nayo huharibu ubongo wa mtoto. Usiikwangue kwa msasa rangi ya zamani usiyoijua. Vumbi lake ni sumu. Hapo ndipo mtaona faida ya kujua kusoma: anayesoma kopo anamlinda mjukuu wake.

Na yule mzee? Tulikipaka upya kichwa chake cha treni, tukangoja juma zima. Akaliandika jina mara ya pili. Safari hii herufi zilisimama sawa, maana alikuwa amefanya mazoezi. Akaniambia kwamba la kwanza lilikuwa limepinda hata kabla sijalishika. Kisha akalibandika mwenyewe, mimi nikimshikia kikombe cha maji.

MASWALI YA KUJADILIANA

Kwa nini tina iliondoa rangi pamoja na jina?
Behewa lina urefu wa mita 12. Mfano mdogo mara 20 utakuwa na urefu gani?
Tafuteni kopo la rangi kijijini. Someni: limeandikwa nini juu ya risasi?

Kwaherini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.