Hesabu za darasa la 7 zinaanzia jikoni



Wengi mmeniuliza, "Mtoto analeta hesabu kwa Kiingereza, mimi nitamsaidiaje?" Leo nitajibu kwa mada mbili ambazo shule za hapa Marekani hufundisha katika darasa la 6 na la 7: uwiano na uwezekano. Zote mbili mnazijua.

Tuanze na uwiano. Unapika wali kwa vikombe 2 vya mchele na vikombe 3 vya maji. Wageni wanakuja, unapima vikombe 6 vya mchele. Maji kiasi gani? Watoto wengi husema 7: mchele umeongezeka vikombe 4, basi nao wanaongeza 4 kwenye maji. Wali huo utabaki mgumu. Mchele umekuwa mara 3, kwa hiyo maji nayo yawe mara 3: vikombe 9. Kujumlisha mahali pa kuzidisha ndilo kosa linalowaangusha wengi. Mwonyeshe kwa kikombe, ataelewa.

Sasa uwezekano. Tia mfukoni maharage 3 mekundu na 2 meupe. Mtoto afumbe macho, achukue moja. Uwezekano wa kupata jekundu ni 3 kati ya 5, yaani asilimia 60.

Mama akizaa mabinti watatu, watu husema wa nne lazima awe wa kiume. Sivyo. Ni karibu nusu kwa nusu, kama mara ya kwanza. Tumbo haliweki hesabu.

Hesabu hii inalinda pia mfuko wako. Tikiti ya Powerball ni dola 2, na uwezekano wa kushinda zawadi kuu ni 1 kati ya 292,201,338. Tikiti 2 kila wiki ni dola 208 kwa mwaka. Fikiria viatu vya shule.

Mwambie mtoto akueleze kazi yake kwa Kiswahili. Anayeweza kueleza ameelewa. Asiyeshika uwiano sasa atapata taabu akifika kwenye aljebra. Akikwama, msikae kimya. Shule za umma zinatakiwa kisheria kuwasiliana nanyi kwa lugha mnayoielewa. Ombeni mkalimani, hamlipi kitu. Wala msikubali mtoto mwenyewe awatafsirie kikao kinachomhusu.

Nani ana swali?